Kobla ya Maembe: Yasemwayo na Yalivyo

Wapishi wengi wa Mombasa huiogopa kobla, kitamutamu cha Kimarekani cha matunda yaliyookwa chini ya unga, kwa kuamini kwamba haipikiki bila ya oveni. Asili yake yasema kinyume. Walowezi wa Marekani wa karne ya 19 waliipika katika sufuria nzito ya chuma iliyotiwa makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Aliyelelewa Mji wa Kale, akamwona nyanyake akipalia makaa juu ya kifuniko ili mkate wa sinia ushike rangi, hana jipya la kufundishwa hapo, ila akumbuke kuweka makaa mengi juu na machache chini, la sivyo sukari ya matunda itaungua kabla unga haujaiva.

Wengine hushikilia kuwa kobla isiyo ya pichi si kobla. Kweli pichi ndiyo maarufu kusini mwa Marekani, hasa Georgia, lakini huko huko hupikwa pia kwa matufaha na cheri. Embe lafaa sana, mradi lisiwe limeiva kupita kiasi. Mara ya kwanza nilinunua katika soko la Kongowea maembe ya boribo yaliyokuwa yakinukia toka mbali, na kilichotoka motoni kilikuwa uji. Siku hizi huchagua ngowe zilizoiva lakini zisizobonyea kwa kidole, nikazikamulia ndimu, kwa kuwa utamu usio na ukali huchosha ulimi.

Dhana yenye madhara zaidi ni ya unga. Mkono uliozoea chapati hutaka kukanda mpaka unga ulainike, na kukanda huko huziunganisha protini za ngano zikawa nyuzi za kuvutika, jambo jema kwa chapati lakini balaa kwa kobla, ambayo kifuniko chake cha unga hutoka kigumu kama ngozi. Katika vikombe viwili vya unga tia vijiko vidogo vitatu vya beking pauda na chumvi kidogo, vunjavunja humo gramu 100 za siagi kwa ncha za vidole hadi unga ufanane na chenga za mkate, kisha mimina robo tatu ya kikombe cha maziwa baridi, ukoroge kwa mwiko mara chache tu, na mabonge yatakayobaki yasikusumbue. Siagi itoke kwenye friza wakati huo huo, maana kwa joto la Februari hapa Mombasa hulegea upesi, ilhali vipande vilivyo baridi ndivyo vitoavyo mvuke motoni na kuuinua unga.

Wako pia watiao hamira badala ya beking pauda. Hamira ni kiumbe hai kinachotaka muda wa kuumua, ilhali beking pauda huanza kutoa gesi mara inapolowa.

Wala rangi ya kahawia si ushahidi wa kuiva. Wanga uliochanganywa na matunda, uwe wa mahindi au wa muhogo, hauwi mzito sawasawa mpaka rojo likaribie kuchemka, kwa hiyo tazama kandokando kama linatokota polepole na kwa uzito, kisha funua kwa uma bonge la unga lililo katikati. Chini yake pakinata, rudisha motoni. Kwa oveni ya nyuzi 190 za Selsiasi ni kama dakika 40 hadi 45. Ikitoka, iache nusu saa rojo lishikane, kwani anayeichota ingali inafoka hupata mchuzi, akaishia kulilaumu embe.