John Glenn: hakuwa wa kwanza, na Tunguu hakukuwa na makombora

Ukimtaja John Glenn barazani hukosi mtu wa kudakia: "Si yule Mmarekani wa kwanza kwenda angani?" Mwingine atamfikisha hadi mwezini. Wote wawili wamekosa, ila makosa yao yanaeleweka, maana jina lake lilivuma kuliko la waliomtangulia.

Alan Shepard ndiye aliyefungua njia kwa Wamarekani, 5 Mei 1961. Gus Grissom akafuata mwezi Julai. Warusi nao walikuwa wameshatangulia: Yuri Gagarin aliizunguka dunia tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, na Agosti Gherman Titov akaizunguka mara 17. Glenn aliporuka na chombo chake, Friendship 7, tarehe 20 Februari 1962, alikuwa Mmarekani wa tatu kufika angani. Uwanza wake uko kwingine: Shepard na Grissom walipanda wakashuka kama embe lililotupwa juu, robo saa kila mmoja, lakini Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alizunguka mara tatu, kwa saa 4 na dakika 55. Mwezini hakufika. Aliondoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1964, miaka mitano kabla Neil Armstrong hajautia mguu.

Wapo wanaosema alipangiwa mizunguko saba, safari ikakatizwa kwa hitilafu. Chanzo ni maneno ya redioni. Alipofika juu aliambiwa kwamba njia yake inatosha kwa mizunguko saba au zaidi, yaani chombo kimepata kasi ya kutosha, hakitaanguka mapema. Ratiba ilikuwa mitatu tangu mwanzo, na mitatu aliimaliza. Hata ile kauli maarufu ya mwanaanga mwenzake, Scott Carpenter, ya kumtakia heri wakati wa kuruka, ambayo husimuliwa kana kwamba ilimpa nguvu, Glenn hakuisikia. Aliijua baada ya kurudi.

Kuhusu Katherine Johnson, mwanahisabati Mweusi wa NASA, habari yenyewe ni ya kweli, ila imetiwa chumvi. Glenn hakuziamini sana kompyuta za siku zile, akataka mama huyu azihakiki hesabu kwa mkono. Katika filamu ya Hidden Figures anakimbizwa na makaratasi huku roketi ikisubiri. Ukweli ni kwamba kazi ile ilifanywa kabla ya siku ya kuruka, na ilimchukua kama siku moja na nusu. Kwangu mimi hiyo inapendeza zaidi: mtu na mashine yake ya kujumlishia, tarakimu baada ya tarakimu, bila mbio.

Sasa tuje nyumbani. Wazee wa Unguja watakwambia Wamarekani waliwahi kuwa na makombora Tunguu. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia safari za angani kilikuwapo kweli. Kilijengwa baada ya makubaliano ya Marekani na Uingereza mwaka 1960, na siasa za Zanzibar wakati huo zilikuwa moto. Wapinzani wa mradi, chama cha Hizbu kikiwa mbele, walikiona kama kituo cha kivita, na neno "roketi" likaenea mitaani. Lakini Tunguu hakikurushwa chochote. Palikuwa na antena na mitambo ya kupokea sauti ya mwanaanga pamoja na vipimo vya mwili wake na chombo. Friendship 7 ilikuwa ikienda karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kituo kilimsikia kwa dakika chache tu kisha akatokomea. Kano, kule Nigeria, wakimaliza naye, Zanzibar wanampokea, kisha anaingia Bahari ya Hindi, anakwenda kukutana na usiku. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe, na Aprili kikafungwa. Leo ukisema Tunguu watu wanafikiria chuo kikuu.

Dhana nyingine ni kwamba ngao ya joto ya chombo ililegea, Glenn akaponea chupuchupu. Hofu ilikuwa ya kweli. Kulegea hakukuwa kweli. Ishara moja ilionyesha chini kwamba ngao imeachia, na bila ngao mtu anaungua akirudi. Hawakumweleza waziwazi. Kituo kimoja baada ya kingine kikawa kinamwuliza kama ile swichi ya mfuko wa kutulia majini, ambao hufunguka ngao ikiachia, imezimwa, mpaka mwenyewe akashtuka kwamba kuna jambo. Wakaamua asiliachie lile fungu la roketi za breki lililofungwa juu ya ngao kwa mikanda ya chuma, ili liishikilie. Wakati wa kushuka akaona vipande vinavyowaka vikipita dirishani, asijue ni mikanda au ni ngao yenyewe. Baadaye iligundulika kuwa swichi tu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Wengi hudhani pia kwamba sifa zile zilimpeleka Seneti moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1964 alianguka bafuni, akaumia sikio la ndani, akajitoa katika kinyang'anyiro. 1970 akashindwa ndani ya chama chake. Aliupata useneta wa Ohio mwaka 1974, akakaa hadi 1999. Urais aliojaribu 1984 ulimponyoka mapema. Kabla hajastaafu, Oktoba 1998, alirudi angani kwa chombo cha Discovery akiwa na miaka 77, siku tisa. Mwigizaji William Shatner alimpita kwa umri mwaka 2021, akiwa na miaka 90, lakini safari yake ilikuwa ya dakika kama kumi, ya kupanda na kushuka kama ya Shepard.

Mke wake, Annie, alionekana kwa waandishi kuwa mwenye maringo kwa sababu hakusema nao. Alikuwa na kigugumizi kikali. Januari 1962, safari ilipoahirishwa, Makamu wa Rais Lyndon Johnson alitaka kuingia nyumbani kwake na kamera za televisheni. Annie akakataa, na Glenn akamwunga mkono. Mwaka 1973 alihudhuria mafunzo ya wiki tatu ya kusema, na baada ya hapo akawa anahutubia kampeni za mumewe. Glenn alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 95. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington tarehe 6 Aprili 2017, tarehe ile ile waliyooana mwaka 1943.