"Hajaajiriwa, anamsaidia tu mama": kwa nini watoto bado wapo machimboni

Juni 12 ni siku ya kupinga utumikishwaji wa watoto, na kila mwaka tukienda machimboni, iwe Londoni kule Manyoni au vimachimbo vya Bahi na Mpwapwa, jibu ni lilelile: "Afisa, huyu hajaajiriwa, anamsaidia tu mama yake."

Jamani, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kumuajiri AU kumshirikisha mtoto kwenye kazi hatarishi, na uchimbaji umetajwa humo. Ile miaka 14 mnayoishika, kwamba mtoto akiifikisha anaruhusiwa kufanya kazi, ni ya kazi nyepesi tu, mgodini ni 18. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 faini ni hadi milioni 5, au jela mwaka 1, au vyote viwili, na anayemtafutia mtoto kazi naye yumo.

Kinachotukwamisha ni kwamba kule hakuna bosi. Mtu analipwa kwa kiroba cha mawe, ukimuuliza mwenye leseni anasema duara (shimo la kuchimbia) si lake, wa duara anakuelekeza kwa wa karasha (mashine ya kusaga mawe), wa karasha anasema mama kaja na mwanae, basi kesi inafia hapo. Na vumbi la gari letu likionekana tu watoto wameshaingia porini.

Kuna mmoja hakukimbia. Alikuwa anaponda mawe kwa nyundo, kope nyeupe kwa vumbi, na hatua chache pembeni mama yake anachoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye kijiko juu ya jiko lilelile la kupikia ugali, moshi wa zebaki unampanda mtoto usoni. Yule mama si mkatili. Mtama uliungua na jua, na shule haina ada, sawa, ila sare na chakula cha mchana vinataka hela.

Ukiona mtoto mgodini piga 116, bure, au nenda kwa mtendaji wa kijiji, ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Usisubiri ushahidi, kuutafuta ni kazi yetu, wewe sema ni wapi na umeona nini. Na mwenye duara asiniambie hajui umri, cheti cha kuzaliwa kikikosekana ipo kadi ya kliniki, lipo daftari la mahudhurio shuleni.