"Umeokoka, sasa mbona bado unalia?"

Mimi ni APS (mufanyakazi wa kusaidia batu mu maumivu ya moyo) huku Bukavu, mu Kongo, nasindikiza batu benye baliumizwa, na ni mukristo, kwa hiyo naongea kama mutoto wa nyumba. Kuna maneno moja, nikiisikia tena nitapiga kelele: "Ukiwa mu Kristo ya kale yamepita, sasa mbona bado unalia?" Tangu vita ifike huku mwezi wa pili 2025 naisikia karibu kila juma.

Mama mumoja, muuzaji wa sambaza, zile samaki kidogo, ku mutaa ya Kadutu, tulikuwa tunaongea vizuri tu, upepo ukapiga mabati ya jirani, pa! Akashika meza na mikono yote mbili, midomo ikakauka, kisha akaanza kuomba Mungu musamaha juu ati imani yake ni kidogo. Mama, ile si imani kidogo! Ni mwili unakumbuka. Moyo unaweza kupokea Yesu siku moja, lakini mwili unajifunza polepole kama hatari imepita, na kuna siku unasahau unaanza tena.

Sasa benye banapendaka ile mustari, 2 Wakorintho 5:17, banasomaka barua yote? Sura ya 1, Paulo mwenyewe anaandika kama kule Asia balilemewa mpaka bakakata tamaa ya kuishi. Sura ya 7 anasema inje vita, ndani hofu. Sura ya 12 iko mwiba, aliomba mara tatu itoke na haikutoka. Ni mutu ule ule, ni barua ile ile, na hakuona shida kuweka "kiumbe kipya" pamoja na ile yote. Upya ni wa kweli, sipingi, umekuwa mutoto wa Mungu na hukumu imeisha. Lakini hakuna fasi aliandika kama usingizi itarudi siku ya ubatizo.

Na mukitaka mufano wa kusindikiza mutu, musome 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa. Malaika hakumukemea pepo wala hakumupangia mukesha, alimuletea mukate wa kupikwa ku makaa na maji, Eliya akakula, akalala, akaamushwa akakula tena, njo safari ikaendelea. Sasa wewe mutu hajalala siku tatu unamuweka mu mukesha mpaka asubuhi, unamuponya ama unamumaliza? Mie nasemaka kwanza bugali, kwanza usingizi, mukesha utangoja. Kisha nabapatia Zaburi 88 basome kwa sauti, hata bakilia, juu ile Zaburi inaanza na kilio na inamaliza mu giza, hakuna haleluya ku mwisho, na iko mu Biblia sawa zingine. Na bapasta, tafazali, mutu mwenye aliumizwa juma mbili tu zimepita musimupe mikro atoe ushuhuda mbele ya kanisa nzima!

Maneno ingine ya vile yenye nasikiaka naipita mbio.

"Kwenda lopitali ni kukosa imani." Hii inauwa batu. Lopitali ya Panzi yenyewe ni ya CEPAC, kanisa ya Kipentekoste, na dokta Mukwege mwenye aliianzisha 1999, akapata Nobel ya amani 2018, ni mutoto wa pasta. Mutu akibakwa, dawa ya kuzuia SIDA (UKIMWI) inapaswa kuanza mbele saa 72 zipite, na mapema zaidi njo muzuri. Saa 72 ni siku tatu, njo zile siku tatu za kufunga kavu zenye banamuambiaka amalize kwanza mu chumba ya maombi! Aende leo, ataomba mu njia. Na mwenye anakunywa dawa ya tansio ama ya SIDA asiache juu ya unabii wa mutu.

"Ni laana ya famii." Banafunzi baliuliza Yesu vile vile juu ya kipofu, nani alifanya zambi, yeye ama bazazi? Akabajibu hakuna. Yohana 9. Tuendelee.

"Nyamaza, utahaibisha jamaa." Mu 2 Samweli 13, Amnoni alibaka Tamari, dada yake wa baba mumoja, na Absalomu, kaka ya Tamari, njo alimuambia vile, anyamaze. Haikuponya mutu: Tamari akabaki ukiwa mu nyumba ya Absalomu, na kisha miaka mbili Absalomu akaamuru Amnoni auawe.

"Kama umesamehe, rudia kwake," ni kusema kwa mwenye alikuumiza. Hapana. 1 Samweli 26, Daudi anamuachilia mara ya pili mufalme Sauli, mwenye alikuwa anamuwinda amuue, Sauli anamuita, rudi mwanangu, sitakufanyia mubaya tena. Daudi alimurudishia mukuki wake, akaenda njia yake, hakurudi. Kwa hiyo jamaa bakikuita kwa mapatano, usiende peke yako, beba mutu mumoja mwenye haogopi kuongea, na muikalie karibu na mulango.