Kujizuia kwa mahakama: maana yake soko huria linapogusa haki za katiba

Kujizuia kwa mahakama ni hali ya majaji kukataa kuweka uamuzi wao mahali pa uamuzi wa serikali katika mambo ya sera, hasa ya uchumi, kwa kuwa kazi ya kupanga matumizi ya fedha za umma ni ya Bunge na serikali. Dhana hii huibuka serikali inapobinafsisha mashirika au kulegeza masharti ya biashara, na mwananchi akaenda kortini kudai kwamba haki yake imevunjwa.

India inaionyesha vizuri. Mwaka 1985, katika kesi ya Olga Tellis, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba haki ya kuishi inabeba pia haki ya kujitafutia riziki, ingawa haikuzuia kabisa watu waliolala kando ya barabara za Bombay kuondolewa. Mwaka 2001, miaka 10 baada ya nchi kufungua uchumi wake, mahakama hiyohiyo ilikataa kuingilia uuzaji wa hisa za kampuni ya serikali ya alumini, BALCO, ikishikilia kwamba ubora wa sera ya uchumi haupimwi na majaji.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiwekea dhana hii mipaka. Kifungu cha 43 kinataja haki za afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Kifungu cha 20(5) kinaikataza mahakama kutengua mgao wa rasilimali kwa sababu tu yenyewe ingeamua vingine, lakini kinaitaka serikali inayodai kwamba haina uwezo ithibitishe hivyo. Sharti hilo la pili ndilo lenye uzito, na inasikitisha kwamba husahaulika mara nyingi, kwa maana linamwondolea mnyonge mzigo wa kuchunguza hazina ya serikali.

Sisi wa Mombasa tuliiona mipaka hiyo Novemba 2020, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya maagizo ya serikali yaliyolazimisha makontena ya bandarini yapelekwe kwa reli ya kisasa (SGR). Hapo serikali ilikuwa ikilibana soko badala ya kulifungua, lakini kipimo hakikubadilika: si ubora wa sera, bali kama katiba imefuatwa. Majaji waliangalia kama wananchi walishirikishwa kabla ya maagizo kutolewa, na kwa kuwa hawakushirikishwa, maagizo yakatangazwa kuwa kinyume cha katiba.