Miwani haisubiri bajeti ya mwakani

Kazi yangu ni kupitia maombi ya walimu kwenye mfuko wa elimu, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kama shule ni za serikali na walimu wanalipwa na serikali, nyinyi mnachangisha za nini?

Jibu langu huanzia kwenye miwani. Mwalimu anamwona mtoto anakodolea macho ubao, ananakili kwa jirani, daftari kalisogeza mpaka puani. Bajeti ya shule ilishapitishwa zamani na haina fungu la miwani. Kuhamisha pesa kutoka fungu jingine kunataka barua, kikao na sahihi za wakubwa. Hayo yakikamilika muhula umekwisha na mtoto ameshabandikwa jina la mvivu. Kwetu fomu ni ukurasa mmoja wenye maswali manne: unahitaji nini, watafaidika wangapi, bei gani, na utajuaje kama kimesaidia. Jina la mtoto halitakiwi. Swali la mwisho ndilo linalowasumbua walimu, wengine hujaza insha nzima. Jibu nililolipenda kuliko yote lilikuwa mstari mmoja: "Ataacha kuhama dawati."

Mfuko wa namna hii ni asasi isiyotafuta faida, yenye bodi na akaunti zake, ila unahudumia shule za umma za eneo lake tu. Huko Marekani mifuko hii ilishamiri hasa California baada ya 1978, wapiga kura walipopitisha Proposition 13 iliyofunga kodi ya majengo na ardhi kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Shule zilikuwa zikiitegemea sana kodi hiyo. Wazazi wakaanza kuchanga, na kasoro ikazaliwa papo hapo: penye wazazi wenye uwezo, kapu linajaa, penye wazazi wanaohangaika, kapu tupu. Portland, jimboni Oregon, kwa miaka mingi walikuwa na kanuni kwamba shule ikichangisha pesa za kuajiri wafanyakazi, theluthi ya kilichozidi dola 10,000 inakwenda kwenye kapu la pamoja la kusaidia shule nyingine. Kuna wazazi walioilalamikia. Mimi naiona ya haki, tena ingeweza hata kuwa nusu.

Upande wa familia, pesa si ngumu kama aibu. Mzazi aliyepoteza kazi hataki kukaa mbele ya kamati akithibitisha umaskini wake. Ndiyo maana msaada wa nauli, viatu au bili ya umeme tunaupitishia kwa karani wa shule au mwalimu wa unasihi, watu ambao mzazi huyo amezoea kuwasalimia getini. Tunamlipa muuzaji moja kwa moja, na risiti inaandikwa jina la mfuko. Wafadhili wengine huomba picha ya mtoto akivaa viatu vipya. Hawapewi. Tumeshapoteza mchango mmoja mnono kwa sababu hiyo na sijutii.

Wapo pia wafadhili wanaotoa kwa masharti: kompyuta tu, na za darasa fulani tu. Asante zao, lakini kompyuta bila pesa ya matengenezo hugeuka meza ya kuwekea madaftari.

Jambo moja bodi yetu imelikataa katakata ni kulipa mishahara ya kudumu. Michango hupanda na kushuka. Huwezi kumwajiri mwalimu kwa pesa ya harambee kisha harambee ijayo idode.

Vitabu vilitufundisha kwa uchungu zaidi. Kuna shule tuliinunulia vya maktaba miaka miwili mfululizo. Wa tatu, nikiperuzi bajeti yao, fungu la maktaba halimo. Walilifuta kimyakimya: mfuko si upo? Tulidhani tunaongeza, kumbe tunaziba pengo tulilosaidia kulichimba. Siku hizi kila ombi la vitabu linakuja na nakala mbili, fungu la maktaba la mwaka jana na la mwaka huu, na likipungua bila maelezo ombi linarudi. Mwalimu mkuu mmoja alininunia wiki kadhaa. Kisha akazileta nakala zote mbili, zimekunjwa ndani ya bahasha, fungu limerudishwa kwa kalamu ya wino.