Ukuta Unaomenyuka Rangi: Dhana Potofu na Ukweli

Kila masika yakipita, watu wengi wa Dar es Salaam humwita fundi rangi kwa tatizo ambalo si la rangi hata kidogo.

Dhana: Rangi ni mbovu, paka ya mafuta.
Ukweli: Tazama pale inapomenyukia. Ikiwa ni kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na ukikwangua unga mweupe unabaki kidoleni, maji yanatoka ardhini. Tofali la saruji lina vitundu vidogo mno, na maji ya udongoni hupanda humo yenyewe, mara nyingi hadi karibu mita 1, yakibeba chumvi. Yakishakauka, chumvi huganda chini ya rangi na kuisukuma hadi ibanduke pamoja na lipu. Rangi ya mafuta huziba njia ya kukaukia, kwa hiyo unyevu hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Kinga yake ni DPC, ule utando wa nailoni nzito au lami unaotandazwa juu ya msingi, walau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi. Linaloniuma ni kwamba wengi huiweka vizuri, kisha baada ya miaka wanajaza kifusi uani na kumwaga zege hadi likaivuka. Maji yanapita juu yake. Kabla hujanunua ndoo ya rangi, zunguka nje ukaangalie hilo.

Dhana: Lipu ya saruji ni bora kuliko chokaa popote pale.
Ukweli: Si kwa nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na ukuta unaoza ukiwa umependeza kwa nje.

Dhana: Unyevu wote hutoka chini.
Ukweli: Doa lililo karibu na dari ni la paa au gata. Doa linalokua hata kiangazi ni la bomba: funga koki zote, uone kama mita ya maji bado inazunguka. Kama bado huna uhakika, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, fungua madirisha. Yakiwa upande wa ukuta, ukuta ndio wenye maji.

Dhana: Ukungu ni kawaida ya Pwani, futa kwa jiki.
Ukweli: Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilihusisha unyevu na ukungu majumbani na pumu na matatizo ya kupumua. Jiki huondoa weusi tu. Maji yakibaki, ukungu unarudi. Mtoto anayekohoa kila usiku hapaswi kulazwa kwenye chumba hicho.

Ukishaziba chanzo, bandua lipu yote yenye chumvi na uuache ukuta wazi wiki kadhaa ukauke. Fundi akikuharakisha apige lipu kesho yake, mkatalie.