Huduma ya Kikristo mtandaoni Zanzibar: yanayosemwa na yaliyopo

"Kanisa likiingia mtandaoni linawawinda Waislamu." Hili ndilo linalosemwa zaidi Unguja, na si ajabu. Klipu zinazosambaa ni za wahubiri wanaorushiana maneno na masheikh. Ugomvi hutembea, tafakari ya Injili ya dakika tatu haifiki mbali. Lakini fungua grupu la wasapu la jumuiya ndogondogo yoyote hapa: masomo ya Dominika, taarifa ya msiba, nani kalazwa Mnazi Mmoja, mchango wa nauli ya boti. Wengi wanaolitegemea ni wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, ambao Jumapili kwao ni zamu kama siku nyingine. Mpishi anatoka saa nne usiku, anakaa kwenye ngazi nyuma ya jiko bado na aproni, anachomeka sikio moja tu ili akiitwa asikie, anasikiliza voisi ya katekista. Huyo hamwindi mtu yeyote. Na Pemba, ambako makanisa ni ya kuhesabu, mwalimu aliyehamia kutoka bara huuliza kwenye grupu hilohilo wapi pa kusali.

"Haya ni mambo mageni." Misheni ya UMCA, ya Waanglikana kutoka Uingereza, ilihamia Unguja mwaka 1864, mmisionari Edward Steere akiwemo, na haikukawia kuanza kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka 1891. Tukirudi nyuma zaidi, Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika kwao, na Wakolosai akawaagiza wabadilishane barua na Walaodikia. Kufowadi hakukuanza jana.

"Basi Misa ya kwenye simu inatosha." Haitoshi. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilisema waziwazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Mgonjwa anayefuata ibada mubashara anasali kweli, ila Komunyo ataletewa na mtu. Wazima wanaotazama wakiwa kitandani, hilo wamalizane na paroko wao.

"Ukishaandika mtandaoni, ni cha wote." Dhana hii ndiyo inayoumiza watu, na wanaoieneza mara nyingi ni sisi wenyewe. Kijana anauliza swali la imani faraghani; kesho yake picha yake iko kwenye stetasi ya mtu, chini imeandikwa "ameokoka". Hajaokoka, kauliza tu. Visiwani, ambako karibu kila familia ni ya Kiislamu na mtaa mzima unajuana, picha ile inaweza kumkosesha pa kulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaiweka imani ya dini kati ya taarifa nyeti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kumtukana mtu kwa ajili ya dini yake. Anayehitaji sheria ili asimwanike mwenzake, mimi nisingempa funguo za ukurasa wa kanisa.

"Sadaka kwa simu ni utapeli." Mara nyingine ni utapeli kweli: akaunti yenye picha ya askofu, inbox inaomba "mbegu", yaani utume pesa ili ubarikiwe. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu usiyemjua, mpigie kwanza mweka hazina wa parokia, na kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyokuja na ujumbe.